Kisu cha Taifa

Kigombe nzima hakukuwa na mtu aliyekiogopa kisu kama Hatibu, na Hatibu ndiye aliyekuwa mwenye kisu. Yeye ndiye mchinjaji wa kijiji. Iwe harusi, hitima, Idi, ubatizo au Krismasi, akitajwa ng'ombe hutajwa Hatibu. Kambini kwenye mkonge wanakaa Walutheri na Wakatoliki, ambao babu zao waliletwa kukata mkonge kutoka Iringa na Songea. Huku pwani wanakaa Waislamu. Mtu wa kambini akiwa na shughuli hachinji mwenyewe, hata awe fundi namna gani. Humwita Hatibu, ili jirani naye aje ale bila wasiwasi. Ndivyo walivyokuta mambo, na hakuna aliyewahi kuitisha mkutano juu yake.

Kisu chenyewe alikirithi kwa baba yake: mpini wa mpingo, bapa refu lililoliwa na kinoo mpaka likawa jembamba. Mwaka mmoja, kwenye sherehe za Uhuru, alikuja bwana mmoja mgeni, akala sahani mbili za pilau, kisha akashika maiki na kutangaza kwamba kisu kile ndicho Tanzania yenyewe: dini mbili, sufuria moja. Watu walicheka, wakakibatiza Kisu cha Taifa. Hatibu naye alicheka. Siku hizo alikuwa bado na mkono.

Tangu mfungo uliopita mkono wa kulia ulikuwa ukimfia. Ganzi ilianza kidoleni ikapanda juu, halafu vidole vikawa vinafunguka vyenyewe, kikombe chini. Aliyejua ni mkewe tu, Asmahani. Siku hizi ndiye aliyekuwa akikinoa kisu uani, mlango umefungwa, na kuku wa nyumbani aliwachinja yeye, kama alivyozoea zamani mumewe akiwa safarini.

"Waambie watu, baba Hasina," alimwambia. "Kuumwa si wizi."

"Nikishawaambia, nani atachinja? Leo kambini watajichinjia wenyewe, kesho sisi tutaanza kuuliza nyama hii kachinja nani, kesho kutwa hatualikani tena."

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini tusimpambe sana: aliogopa vilevile kubaki mzee Hatibu tu, mtu wa kukaa barazani na kuulizwa hali ya magoti. Kwa hiyo alinyamaza, na kila mwaliko ulipokuja aliitikia.

Ukaja mwaliko wa Yudith, mjane wa kambini, aliyekuwa akimwoza binti yake Leticia. Ng'ombe wa shughuli alimlea mwenyewe tangu ndama. Asubuhi ile Hatibu aliiacha chai ikapoa. Alifumba ngumi na kuifumbua chini ya meza, akahesabu vidole kwa macho kama mtu anayeogopa kuibiwa. Asmahani alijifunga khanga, akafuatana naye kwenda kusaidia jikoni.

Ng'ombe alilazwa kuelekea kibla. Vijana walikaza kamba huku wamegeuza nyuso, maana damu huruka. Hatibu alipiga goti shingoni, akasema bismillahi, akavuta. Kisu kikakata ngozi, kikazama, na hapo katikati vidole vikafunguka.

Kisu kikaanguka. Alikipapasa kwa mkono wa kushoto kwenye mchanga na damu, ng'ombe akikoroma na kujitupa chini yake. Alipokipata na kukirudisha shingoni, mnyama alikuwa amekwisha kulegea. Alimalizia kukata kitu kilichokwisha kufa.

"Tayari," mtu alisema nyuma yake, na kamba zikaachiwa.

Hakuna aliyeona. Wachunaji walikuwa wakisogea, vitunguu vya pilau vikikaangwa kwenye sufuria, na maalimu Idarusi, imamu wa msikiti wao, aliyemwamini Hatibu kuliko ndugu, ameketi mkekani akiongea na wazee wa kanisa. Angenyamaza, wote wangekula na kumshukuru. Hilo lilimtisha kuliko mkono wake: kwamba ilikuwa rahisi namna ile.

"Msichune," alisema. "Mama Leticia, nisamehe. Mkono wangu mgonjwa siku nyingi, nimeficha. Kisu kimenianguka, ng'ombe amekufa sijamaliza. Ni kibudu. Sisi hatuwezi kumla."

Yudith alimtazama ng'ombe wake. Kisha akamtazama Hatibu, aliyekuwa bado amepiga goti.

"Nyinyi msile, halafu sisi tule mkitutazama?" alisema. "Huyo watu wa kambini watamgawana, wakapike makwao. Nina mbuzi bandani. Nani atachinja?"

Wanaume wa pwani wakatazamana. Kwa kumtegemea Hatibu miaka yote, wengi wao hawakuwahi kuchinja hata kuku. Ndipo mtu mmoja akanong'ona, "Basi leo kila upande ujipikie wake." Hatibu aliyatambua maneno hayo, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiyasikia kichwani kila usiku kabla hayajasemwa.

Asmahani akatoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga.

"Nipe kisu, baba Hasina."

"Mbele ya watu wote hawa? Hiki kisu..."

"Najua kinavyoitwa. Hilo taifa lina njaa. Nipe."

Macho yote yakamgeukia maalimu Idarusi.

"Mwanamke Muislamu akichinja ni halali," alisema maalimu. "Sikuulizwa tu."

Hatibu akamnyooshea mpini kwa mkono wa kushoto. Mbuzi wa kwanza akaletwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia la kufanya, Hatibu akashika miguu, kazi ya vijana. Asmahani akasema bismillahi kwa sauti ya kawaida, ile ya kuanzia kupika. Mkono wake haukutikisika. Hatibu alikuwa analia, na hofu ilikuwa bado haijamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aligeuza uso.