Siku Bibi Zaituni Hakuionja Chai Yake

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Usoke, kuna asubuhi moja tulikuwa watu saba kwenye banda la tumbaku: mama yangu, shangazi Kalunde aliye dada yake baba, baba mdogo Maganga, jirani yetu Mama Pili, mdogo wangu Deo wa miaka minne, mimi, na Bibi Zaituni, aliyekuja na birika lake. Baba alikuwa amekwenda Urambo. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliona yaliyotokea, na baadaye walisimulia kama watu ambao hawakuwapo.

Ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua tumbaku anajua kwa nini tulikuwa nje mapema vile. Jani lililokaushwa, jua likishapanda, linavunjika mkononi kama ganda la kitunguu. Asubuhi, likiwa limenyonya unyevu, ndipo linalainika na unaweza kulichambua kwa rangi na ukubwa bila kulipasua. Kwa hiyo hata watoto tuliamshwa, tukakaa chini tukichambua huku upepo wa kipupwe ukipita bandani unavyotaka. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Deo alijiviringisha khanga ya mama, meno yakigongana.

Bibi Zaituni alikuwa mjane, Mnyamwezi kama sisi, ila yeye Mwislamu na sisi Wakatoliki. Hakuwa ndugu yetu, na hakuna aliyewahi kumwomba chai. Lakini baridi ikishaanza, kila asubuhi alikuja na chai ya tangawizi. Tangawizi yake aliikwangua kwa kijiko, hakuimenya kwa kisu, maana kisu, alisema, kinaondoka na nyama. Aliitwanga kwenye kinu kidogo na punje chache za pilipili manga, akaichemsha mpaka maji yageuke rangi. Majani ya chai aliweka kidogo tu. Asali aliitia mwisho, birika likiwa limeshaepuliwa, kwa sababu alisema moto unaiharibu asali. Ndivyo ninavyoipika mimi leo hapa Tabora, watoto wangu wanapoamka na mafua.

Sasa kwetu kuna desturi. Mwenye kuleta kinywaji mbele za watu anakunywa yeye kwanza, iwe pombe, iwe togwa, iwe chai. Anakunywa wote wakimwona, ndipo anawapa wengine. Ni kuonyesha kwamba hakuweka dawa ndani. Bibi Zaituni aliigeuza desturi hiyo kuwa mzaha. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa, akajishika koo, akayumba kama mtu anayekata roho, halafu akasema, "Bado nipo. Haya, leteni vikombe." Tulicheka kila siku kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Siku ile hakuonja. Tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," akamimina moja kwa moja, akianza na Deo.

"Bibi, leo hufi?" shangazi Kalunde akamuuliza.

"Leo tumbo limejaa, Kalunde. Nimekula sana."

"Hee! Kifuniko kimoja kitakupasua?" akasema Mama Pili, akacheka.

"Kunyweni, wanangu. Inapoa."

Shangazi hakucheka. Alikiweka kikombe chake chini, akakisukuma pembeni kwa mguu. Baba mdogo alimtazama shangazi, naye akakiweka chake. Mama alikunywa, nakumbuka kwa sababu alipuliza kwanza, kama kawaida yake. Mama Pili alikishika tu kikombe chake, akisubiri aone wenzake wanafanya nini. Deo alishamaliza cha kwanza, akaongezwa cha pili, na mashavu yake yakaanza kupata rangi.

Mimi nilijua kwa nini Bibi hakuonja. Siku ile, kabla ya alfajiri, mama alinituma kwake kuomba moto. Nilimkuta jikoni akimalizia bakuli la uji, nikashangaa.

"Bibi, unakula saa hizi?"

"Leo nafunga, mjukuu wangu. Ramadhani niliumwa siku sita, sasa nazilipa moja moja. Usimtangazie mtu. Hii ni yangu na Mungu."

Nikaahidi. Akanichagulia makaa mazuri kwa mkono wake, akanifungulia mlango kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika kigae.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa hana hata tone la maji mdomoni alikuwa amekwangua tangawizi, ametwanga, amepuliza moto, amekaa juu ya harufu ile, ametembea kwenye upepo na birika la moto, ili watoto wa watu wengine wapate joto. Na kosa lake likawa kwamba hakunywa yeye.

Jua lilipoanza kupanda, Bibi akiwa ameshakwenda zake na kutuachia birika, Deo alianza kutetemeka. Tulidhani ni baridi, lakini mama alipomgusa mwili ulikuwa unaunguza. Akatapika. Shangazi akaruka kama aliyekuwa akisubiri.

"Si niliwaambia? Hakuonja! Leo tu ndiyo hakuonja!"

"Hukutuambia kitu, wifi," mama akasema.

"Nilikiweka kikombe chini. Mlitaka niseme nini mbele yake, aniroge na mimi?"

Baba mdogo akasema, "Na yale macho mmeyaona? Mekundu kama makaa."

Baba mdogo, macho yako mwenyewe yalikuwa mekundu! Msimu mzima ulikuwa unachochea moto kwenye bani, kile kijumba cha udongo cha kukaushia tumbaku, usiku na mchana, moshi ukikuingia. Bibi Zaituni alichochea moto huohuo kwa miaka yote aliyoishi na mumewe. Moshi wa mwanamume ulikuwa kazi, wa mwanamke mzee ukawa uchawi. Nilikuwa na miaka tisa na niliona kwamba haiingii akilini.

Kwa hiyo nikasema. Nilivunja ahadi yangu, nikasema kwa sauti, "Shangazi, Bibi amefunga. Ndiyo maana hakuonja."

Wote wakanigeukia.

"Amefunga nini? Ramadhani si ilikwisha zamani?" shangazi akauliza.

"Analipa siku alizoumwa. Aliniambia asubuhi, nilipokwenda kuomba moto."

"Na mbona alisema ameshiba? Aliyefunga anashiba?" Kisha akanikazia macho. "Alikuambia wewe peke yako? Kwa nini wewe? Amekupa nini huko jikoni?"

Hapo nikaona kitu ambacho sijakisahau. Mama Pili alimshika binti yake aliyekuwa amekuja kumwita, akamvuta asiguse mkono wangu. Mama alinisogeza nyuma yake, akamfunga Deo mgongoni, akatoka bila kumuaga mtu, mimi nikikimbia nyuma, mpaka zahanati.

Nesi alimtoboa Deo kidole, akasubiri kipimo, akasema, "Malaria. Na si ya leo hii, mama. Huyu ameanza kuumwa juzi au jana, hamkumwona tu." Alimpa dawa, na kwa kuwa Deo alikuwa akilia, alimpa kiboksi kitupu cha dawa achezee. Sijui jina la nesi yule. Namkumbuka kwa kile kiboksi.

Tuliporudi, mama alisema mbele ya wote kwamba ni malaria, tena imeanza kabla ya chai. Nilidhani mambo yamekwisha. Shangazi akajibu, "Kipimo kinaiona malaria. Kinamwona aliyeituma?"

Mtu unamjibu nini mtu kama huyo? Naelewa kwamba shangazi alikuwa amezika mtoto wake kwa homa miaka miwili kabla yake, na kwamba hofu ilikuwa haijamtoka. Nami ni mama, najua mtoto akichemka mwili usiku unavyokuwa mrefu. Lakini huzuni yake haikumpa ruhusa ya kumchagua mtu wa kumbebesha. Hakumchagua mwanamume. Hakumchagua mwenye watoto wakubwa wa kumtetea. Alimchagua mzee aliyeishi peke yake, ambaye alikuwa akimletea chai.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi alikwenda kumwambia Bibi aache kuwapa watoto wa watu vitu, "kwa usalama wake mwenyewe." Watoto tulikatazwa njia ya kwake. Wanawake walimwachia nafasi kubwa kisimani, si kwa heshima. Hakuna aliyempiga, na kwa hilo watu walijiona wema.

Birika lake lilikuwa limebaki bandani, shangazi ameimwaga chai yote chini. Siku moja mama aliliosha kwa majivu mpaka likang'aa, akalijaza karanga, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, akanishika mkono tukaenda mchana kweupe, watu wakituona.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Mama alipiga magoti kumwamkia, kisha akamkabidhi birika. Mimi ndiye niliyesema.

"Bibi, nimeitoa siri yako."

"Ulisema kweli, mjukuu wangu. Mungu hakasiriki kwa hilo." Akafungua birika, akaziona karanga, akachota nusu, akazifunga kwenye kitambaa. "Za Deo hizi. Homa ikitoka inaacha njaa." Halafu akasema polepole, kama anayejisemea, "Ningeonja tu. Ningeilipa siku nyingine."

Hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo kuliko maneno yote ya shangazi: kwamba yeye ndiye aliyekaa akitafuta kosa lake. Deo sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Shangazi bado anakisimulia kisa hiki misibani, na katika masimulizi yake mtoto aliponywa na maombi, vidonge havimo, karanga hazimo, mama kukinywa kikombe chake chote hakumo. Watu hutikisa vichwa. Nami nimewahi kukaa pale nikitikisa cha kwangu, kwa adabu, kwa sababu ni mkubwa wangu. Sitatikisa tena. Nilipokuwa na miaka tisa nilisema mara moja nikanyamazishwa. Sasa mimi ni mama wa watoto wawili, na hakuna wa kunivuta nyuma yake.

Mvua za kwanza zilipoanza mwaka ule, binti yake Bibi Zaituni alikuja Usoke kwa treni, akamchukua, wakaja kuishi huku Tabora.