Kisanduku Kitupu na Ngamia Asiyechomwa Chapa

Miaka ile ya mwanzo ya ugatuzi, kila ofisi mjini Isiolo ilitaka kompyuta, hata zile ambazo stima ilizitembelea kama mgeni. Ndivyo nilivyopata kazi. Mchana nilikuwa nauza viatu vya mitumba, jioni nasoma kozi ya kompyuta katika darasa lenye wanafunzi wengi kuliko mbuzi wa mnada. Siku niliyopewa cheti nilikizungusha mtaa mzima wa Chechelesi nikiwa nimekishika kifuani kama mtoto mchanga. Nina hakika hata punda walinipisha.

Ushirika wa wafugaji ulioniajiri ulikuwa na kazi moja ngumu, nayo ni wanyama waliopotea. Ukame ukitawanya mifugo, au wezi wakiitupa njiani, watu wa ushirika waliikusanya na kuigawa katika maboma ya mbali, kokote kulikobaki majani. Kila mnyama aliandikwa kwenye kompyuta: aina, jinsia, rangi, chapa, alama ya sikio na mahali alipookotwa. Mwenyewe akija, tunajaza visanduku kwenye skrini, na kompyuta inatuambia mnyama wake yuko boma gani. Asiyepata mwenyewe kwa muda uliowekwa anapigwa mnada.

Shida ilikuwa hivyo visanduku. Programu ya zamani haikusonga mpaka vyote vijazwe. Sasa mtu aliyepoteza ng'ombe atajuaje ng'ombe aliokotwa wapi? Angejua si angeenda mwenyewe kumchukua? Watu walibahatisha, na ukikosea kimoja tu, kompyuta inakujibu kwamba hakuna mnyama kama huyo.

Nikamwambia meneja wetu, Mmeru mmoja aliyependa utani kuliko mshahara, kwamba nitaitengeneza.

"Wewe?" akasema. "Juzi si ulikuwa unaniuzia viatu?"

"Na bado unavivaa, mzee."

"Navaa kimoja. Kingine kimefungua mdomo."

Hata hivyo aliniruhusu. Nikaandika prosija. Prosija ni maagizo unayoifundisha hifadhidata mara moja, nayo ikayashika, kisha kila siku unayaita kwa jina tu, kama vile mpishi wa hoteli ukimwambia pilau huhitaji kumwelezea habari ya vitunguu. Prosija yangu ilipokea majibu ya visanduku vyote, lakini ukiacha kimoja kitupu haikununa. Ujanja wangu ulikuwa huu: pale ambapo mtu hajaandika kitu, tumia alichonacho mnyama mwenyewe. Hukutaja rangi? Basi rangi yake ilinganishwe na rangi yake mwenyewe. Nyeusi ni sawa na nyeusi, mnyama apite. Nilipoona inafanya kazi nilicheka kicheko kilichofika Kinna bila kupanda gari.

Asubuhi tulipoianzisha, watu wa kwanza walipata mbuzi wao kabla hawajakaa vizuri kwenye benchi. Meneja akaanza kuniita Injinia. Mimi nikaanza kuitika.

Ndipo akaingia mama mmoja Mborana, mtu mzima, ameshuka kwenye lori kutoka Merti, vumbi la njia nzima likiwa kwenye mtandio wake.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu kiti."

"Kiti wacha. Natafuta ngamia yangu. Nasikia kesho nyinyi nauza."

Ilikuwa kweli. Mnada ulikuwa asubuhi iliyofuata, na orodha ya wanyama wa kuuzwa ilikuwa inachapwa chumba cha pili. Mama akaeleza akiwa amesimama. Alikuwa ngamia jike, ndiye pekee aliyekuwa na maziwa nyumbani kwake. Tangu apotee, wajukuu walikuwa wanakunywa chai ya strungi, bila hata tone la maziwa. Akiuzwa kesho, basi, hakuna mwingine.

"Rangi?" nikauliza, vidole vikiwa tayari.

"Nyeupe. Si nyeupe ya shuka. Nyeupe ya maziwa imekaa kwa moshi."

"Masikio?"

"Zote mbili nimekata ncha."

"Chapa?"

"Hiyo wacha."

"Tunaiacha, mama. Hii mashine yangu haina maringo. Na mahali alipookotwa?"

"Mimi nitajua aje?"

Nikaacha visanduku viwili vitupu, nikabonyeza kwa madaha ya mpiga piano. Skrini ikasema hakuna. Nikabonyeza tena, kwa upole kidogo. Hakuna. Mama hakuiangalia skrini; aliniangalia mimi.

Nikafuta rangi na masikio, nikabakiza ngamia jike tu, wajitokeze wote niwakague kwa macho. Wakaja wengi, wekundu, kahawia, hata mweupe mmoja, lakini huyo masikio yake yalikuwa mazima. Nikawapitia tena, na safari hii nikaona jambo.

"Wote hawa wana chapa," nikasema, nikijisemea.

"Yangu hana," mama akasema.

"Hana kabisa?"

"Alizaliwa miguu dhaifu. Mama yake akamkataa, nikalea yeye kwa mkono. Siku ya kuchoma chapa nikasema huyu hachomwi. Wazee walicheka mimi, nikaacha wacheke."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Umeuliza chapa. Mimi nikaambia wewe wacha."

Meneja, aliyekuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. "Injinia, shahidi amefunga kesi."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Ngamia asiye na chapa, mahali pake pa chapa kwenye hifadhidata ni patupu. Na hifadhidata ina tabia moja: ukiiuliza kama kitu isichokijua ni sawa na kitu isichokijua, haisemi ndiyo, inasema sijui. Na kwenye utafutaji, sijui haipiti mlangoni. Prosija yangu ilikuwa inalinganisha utupu na utupu, kisha inamfukuza kila mnyama ambaye hajawahi kuchomwa moto.

Nikaifungua palepale, mama akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Nikaondoa ule ujanja wote, nikaandika kitu cha kawaida kabisa: ama kisanduku kimekuja kitupu, ama alichoandika mtu ni sawa na alichonacho mnyama. Yaani kama hukuuliza chapa, mimi na mnyama mambo ya chapa hatuyazungumzi kabisa. Nikafanya hivyo kwa kila kisanduku. Nikabonyeza.

Akatokea mmoja. Jike, mweupe, ncha za masikio zimekatwa, chapa hakuna. Boma lililo kando ya barabara ya Merti.

Nikamsomea mama. Akakaa kitini kwa mara ya kwanza. "Huyo nimepita yeye na lori," akasema taratibu.

Meneja aliacha kucheka. Akaenda chumba cha pili na kuagiza kila mnyama asiye na chapa aondolewe kwenye mnada wa kesho mpaka atafutwe upya, kisha akachukua mhuri wa kutolea wanyama na funguo za pikapu. Tulibanana watatu mbele, na naapa ile pikapu haikugusa ardhi njia nzima.

Mlinzi wa boma alikuwa mtu wa sheria. "Huyu hana chapa," akasema. "Tutajuaje ni wako?"

Mama alisimama nje ya ua wa miba akaita neno moja la Kiborana, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita mtoto aje kula. Katikati ya kundi shingo nyeupe ikainuka. Ngamia akawasukuma wenzake, akaja moja kwa moja, akaweka pua kwenye mtandio wa mama na kuiacha hapo.

"Piga mhuri," mlinzi akamwambia meneja.

Mama aliazima kikombe cha mlinzi, akakamua mpaka povu likapanda juu ya ukingo. Akanipa mimi.

"Mama, mwenye mhuri ni mimi," meneja akasema.

"Wewe ngoja."

Nimekunywa vingi maishani. Sijanywa tena kitu kama kile, na nilikimaliza chote nikimtazama meneja machoni. Boma la dada yake mama halikuwa mbali, wangelala huko kabla ya safari ya nyumbani. Hakumfunga ngamia kamba. Alitangulia tu, na ngamia akamfuata.