Abakosti ya Marehemu

Papa alikuwa fundi wa kushona abakosti, zile suti za kuvaliwa bila tai, kule Ibanda. Wafanyabiashara wenzake aliwapa shauri moja, hata wasipomwomba: "Kazi yenye watu hawaone, iko kama haiko."

Mteja wake mmoja, mkubwa wa ofisi, alipofariki, Papa alimshonea bure abakosti ya kuzikwa nayo, kwa kitambaa kipya cha kijivu alichonunua jora zima, maana mji mzima ungepita mbele ya sanduku. Ulipita. Papa alisimama karibu na kichwa, akimnyoosha marehemu kola.

Wateja waliongezeka kweli. Kila mmoja alisema, "Fundi, kitambaa yoyote, lakini ile ya marehemu hapana."

Kitambaa cha kijivu kilibaki karibu chote. Kwenye picha ya komunyo ya kwanza, mimi na ndugu zangu tumevaa kama marehemu.