Ofelia Apata Kiti cha Bodi ya Maji Bila Kura Hata Moja

Mapichi yanapita mbele ya Ofelia Barragán kwenye mkanda wa ghala, naye anachomoa yaliyopondeka. Simu inatetemeka mfukoni. Anasikiliza, anaduwaa, na mapichi mabovu yanapita bila kuguswa.

"We Ofelia, umeposwa kwenye simu?" anapaza sauti Chayo Ledesma, jirani yake kazini na mtaani.

"Wanasema nimeshinda."

"Umeshinda nini? Uchaguzi si Novemba?"

Ndiyo, Novemba! Na sasa ni Agosti.

Ofelia, mwenye miaka hamsini na mbili, anakaa mashariki ya reli hapa Las Garzas, California. Maji ya bomba huko hutoka na rangi ya chai. Nguo nyeupe hafui, na maharage huyapikia maji ya dukani, madumu sita kwa wiki.

Bodi ya maji ina wajumbe watano. Wote walitoka magharibi ya reli, maana mji mzima ulipiga kura kwa pamoja na huko ndiko kwenye watu wengi. Wawili kati yao ni majirani, wametenganishwa na uzio tu. Jamani!

Kwa miaka mitatu Ofelia aligonga milango na kusimama mikutanoni, hadi bodi ikakubali kugawa mji katika kanda, kila kanda ichague mtu wake. Mtaa ulichinja mbuzi. Yeye akajitosa kugombea.

Hakuna aliyejitokeza kumpinga. Kumbe kwa sheria ya hapa, asiye na mpinzani hapigiwi kura, anakabidhiwa kiti tu. Nilipoambiwa, nami nilibaki mdomo wazi.

"Nimelilia kura, nikapewa kiti," anasema Ofelia, macho yamemtoka. "Mama yangu amechukua uraia mwaka huu, na miaka yake themanini, ili apige kura hii. Nimwambieje?"

"Nani angekuwa na uso wa kukupinga wewe?" anauliza Chayo.

"Wale wa ng'ambo ya reli nao walianza hivyo hivyo. Hawakupingwa, wakazoea."

Mpango wake wa kwanza ni mabomba mapya. Wa pili anautamka wakati wa chakula, akimtazama Chayo usoni.

"Muhula wangu ukiisha baada ya miaka minne, wewe utagombea dhidi yangu."

"Mimi? Nikushinde halafu uninunie?"

"Nikishindwa kuleta maji safi na usinipinge, hapo ndipo nitakununia."