Mlio wa Pikapu Njia ya Chanika

Harufu ya klachi inayoungua hunitia hasira mpaka leo. Juzi gari la jirani lilikwama kwenye tope mbele ya geti letu, harufu ikaingia ndani, nikajikuta nimeinuka na kubamiza dirisha kama mtu aliyetukanwa.

Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Mtoni. Baba alikuwa mchongaji, mtu wa Mtwara. Dada yangu Salma alikuwa ametoka kuolewa, na kwetu siku ya kupeleka vyombo kitanda ndicho hutazamwa kwanza. Baba alikichonga mwenyewe, mninga mtupu, miezi minne. Wakwe wa Chanika walitusubiri saa nane mchana. Walishaanza kunong'ona kwamba mtoto wao kaoa kwa makapuku, na tukichelewa aibu ingekuwa ya dada.

Kitanda kilifungwa nyuma ya pikapu; ndani nilibanwa katikati, kati ya baba aliyekuwa akiendesha na shangazi Somoe. Ukikaa pale unaiona miguu yote ya dereva, nami nilikuwa mtoto wa kuchunguza watu.

Tulipopita Gongo la Mboto, barabara imenyooka na baba hajakanyaga mafuta zaidi, injini ikapandisha sauti ghafla. Mwendo ukabaki uleule. Ikatulia, halafu ikalia tena. Nikatazama chini. Kila ilipolia, mguu wa kushoto wa baba ulikuwa umelala juu ya pedali ya klachi. Gari liliporuka shimo na mguu ukateleza pembeni, sauti ilishuka.

“Baba, mguu wako uko kwenye klachi.”

“Sijakanyaga.”

“Umekanyaga, mie nauona.”

“Huo ni mzigo na upepo. Hebu nyamaza, we mtoto.”

Shangazi akanifinya paja. Nikanyamaza huku nachemka, naisikiliza injini ikilia na sababu yake naijua, na sina ruhusa ya kuisema. Kwenye mlima wa Pugu ikapiga kelele kuliko zote, pikapu ikagoma kupanda, moshi ukafuka.

Fundi wa kando ya barabara akainama chini ya gari, akanusa. “Shikamoo mzee. Klachi imekwisha hii. Umeegesha mguu njia nzima, sahani inateleza, injini inazunguka bure, nguvu haifiki kwenye magurudumu.”

“Haki ya Mungu sijauweka mguu pale,” baba akasema.

“Mwongo,” nikasema, mbele ya shangazi na fundi.

Kibao alichonipiga kilikuwa cha kwanza na cha mwisho maishani mwake. Kitanda kilifika saa ya Magharibi juu ya lori la mchanga, kimechubuka kichwani, wakwe wameshakunja mikeka. Dada alilia mbele yao. Mimi nikamwekea baba kinyongo kwa miaka. Kila alipoapa jambo lolote, nilikikumbuka kiapo cha Pugu na kubetua mdomo.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipompeleka hospitali kwa kidonda cha unyayo kisichopona. Alikuwa amekanyaga msumari karakanani na kutembea nao siku nzima. Daktari alisema ni sukari, ya miaka mingi bila kujulikana, imeua hisia za miguu, na wa kushoto ndio ulioanza. Akamwambia baba afumbe macho na aitikie kila atakapoguswa. Kisha akaanza kumgusa kwa ncha ya sindano: kisigino, ubavu wa unyayo, kidole gumba. Nilisimama nikiutazama mguu ule. Baba alikaa kimya, amefumba macho, mtiifu kabisa.

“Daktari,” akasema baada ya muda, “unaanza saa ngapi?”

Nilitoka nje, nikaegemea ukuta. Siku ile Pugu baba alikuwa amesema kweli yake. Mimi peke yangu niliuona mguu ule njia nzima, na kumuuliza kama anausikia sikumuuliza.