Kapu Tupu

Walisema sitaweza. Walisema naweza kuchaguliwa kuwa diwani, maana kura mtu huitoa hata kwa huruma, lakini kuwasimamisha watu wa kata yetu wanisikilize mpaka mwisho, hilo sitaliweza. Baba mdogo, mwenye duka la vifaa pale Omurushaka, alinitamkia mbele ya wateja wake: "Uliondoka hapa na kaptula ya shule, umerudi na stashahada na viatu vyenye ncha. Watu hawa hawasikilizi viatu."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilijua nilikotoka. Nilibeba magunia Murongo mpakani mpaka mabega yakaota sugu. Nikaenda Mwanza, nikauza mitumba asubuhi na kusoma jioni, nikapata stashahada yangu ya maendeleo ya jamii bila mchango wa harambee hata mmoja. Katika kata nzima sikumjua diwani aliyewahi kuandika muhtasari wake kwa mkono wake. Mimi nilikuwa wa kwanza, na sioni aibu kulisema.

Mkutano wangu wa kwanza wa mrejesho ulifurika. Vitu vyote vilikuwa vya kuazima. Baba mdogo alitoa spika, ili, alisema, nianguke kwa sauti kubwa. Katekista alitoa mabenchi ya kigango, kanisa letu dogo. Mzee mmoja mfugaji wa kule mbugani alitoa turubai lake la kuzuia jua. Na mama mjane, jirani wa kibanja chetu cha zamani cha migomba, alinipa kapu kubwa alilosuka mwenyewe, lizungushwe na kahawa ya kutafuna, kwa kuwa hapa mgeni huanza kutafuna buni ndipo mazungumzo yaanze.

Nilieleza kila kitu. Mbolea ya ruzuku, mnada wa kahawa, bima ya afya kwa wote, barabara. Kisha nikaleta jambo kubwa: halmashauri ilikuwa tayari kutupa mabomba ya kufikisha maji kwenye zahanati, ambako wajawazito walikuwa wakiingia na madumu yao, kwa sharti kwamba sisi wananchi tuchimbe mtaro. Ulihitajika mkutano wa pili wa kukubaliana, na saini za kutosha kabla mwezi haujaisha. Tukishindwa, mabomba yanakwenda kata nyingine.

Watu waliuliza maswali, nikayaandika yote kwenye daftari. Mama mjane aliuliza kama bima hiyo itamletea vidonge vyake vya presha hapa hapa zahanati. Katekista aliulizia vitambulisho vya taifa kwa familia za vibarua ambao babu zao walitoka Burundi na Rwanda. Mzee mfugaji aliuliza josho la ng'ombe litatengenezwa lini. Nikasema, "Nitawaletea majibu." Wakapiga makofi. Kesho yake nilikodi pikipiki ya matairi matatu, nikampa dereva orodha, akarudisha kila kitu kwa mwenyewe kabla ya saa sita mchana. Nilijisifu kwa baba mdogo kwenye simu: diwani gani mwingine harudishi vitu baada ya siku moja?

Mkutano wa pili walikuja watu kumi na mmoja. Kati yao wawili walikuwa wanasubiri basi la Kyerwa.

Hapo ndipo udadisi uliponishika. Sikukasirika, naapa. Mtu aliyesomea maendeleo ya jamii hujiuliza kwanza. Je, ni mavuno? Hapana, kahawa ilikuwa bado kijani. Msiba? Hapakuwa na msiba. Wapinzani? Nao hawakuja, na wao hukosa mkutano kwa ugonjwa tu. Nilipomwomba katekista mabenchi, aliniambia kwa upole kwamba mabenchi yanapakwa rangi. Nikapita kigangoni, nikanusa. Hapakuwa na harufu ya rangi.

Nikaenda kwa mama mjane. Nilimkuta anapalilia migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mheshimiwa." Zamani aliniita mwanangu.

"Mama, nimekosa nini?"

Aliendelea kupalilia. "Waitu," alisema, neno letu la heshima, "wewe ndiye uliyesema tumemalizana. Mimi nilipokea tu."

"Nilisema lini?"

Akaingia ndani, akatoka na lile kapu, akaliinamisha mbele yangu kama mtu anayemwaga maji. Halikudondosha kitu. "Limekuja kwa pikipiki, halina hata ndizi moja. Mtu akikurudishia chombo kitupu, tena kwa mkono wa mwingine, amekwambia nini?"

Nikakumbuka. Mama yangu, nikiwa mdogo, hakuwahi kurudisha chombo cha jirani bila kitu ndani: viazi viwili, kiganja cha maharage, senene msimu wake ukiwadia. Hata jembe la kuazima lilirudi limefungiwa mche wa mgomba kwenye mpini. Kurudisha kitupu ilikuwa namna ya kuvunja ujirani bila kutukanana. Nilikuwa nimezungusha pikipiki kata nzima, nikivunja ujirani kwa orodha!

"Nitakuletea mkungu, mama. Mkubwa."

"Mkungu ninao." Alionyesha kibanja chake chote kwa mkono. "Mkulima huweka alichovuna. Wewe diwani unavuna nini?"

Swali hilo nililibeba siku mbili. Nilivuna nini? Nilipofungua daftari nikaona yale maswali, na chini ya kila swali nafasi nyeupe niliyoiacha.

Nikaenda makao makuu ya wilaya. Ofisi ya afya waliniambia mganga amekwenda semina. Nikakaa kwenye benchi mpaka alipotokea; kumbe hakuwa kwenye semina. Ofisi ya vitambulisho nilikwenda mara tatu. Ofisi ya mifugo walinichoka wakaanza kunikaribisha chai. Sijawahi kuona diwani mwenye subira kama yangu.

Kisha nikaanza kurudisha upya. Niliazima tena kile nilichokwisha kurudisha, ili nikirudishe ipasavyo. Watu walinishangaa, lakini walinipa.

Kapu la mama mjane nililipeleka mwenyewe, kwa miguu, ndani yake viazi vyangu vya kwanza kuchimba tangu nirudi, na jibu: vidonge vyake vipo kwenye orodha ya dawa za zahanati, na kama havipo rafuni anipigie simu siku hiyo hiyo. Alivihesabu viazi. "Vidogo," akasema. "Karibu ndani, mwanangu."

Kwa katekista nilibeba benchi moja kwa niaba ya mengine, na debe la maharage. Jibu lake lilikuwa nusu: afisa amekubali kuja kigangoni kuisikiliza kila familia na karatasi ilizonazo, lakini hakuahidi kitu. "Nusu iliyo wazi naichukua," katekista alisema. Kuhusu rangi ya mabenchi hatukuzungumza.

Baba mdogo nilimpelekea spika na chane ya ndizi. Akaigeuza. "Hii si ya yule mama anayeuza hapo nje ya duka langu?" Wateja wakacheka tena. Lakini aliipokea, akaanza kuimenya palepale.

Akabaki mzee mfugaji, na huyo nilimwogopa. Jibu lake lilikuwa hapana. Josho halimo kwenye bajeti, si mwaka huu. Ndugu zake wote wa kule mbugani humfuata yeye. Nilikuwa nimeitisha tena mkutano wa maji kabla mwezi haujaisha, na asipokuja, saini hazitimii. Nilifika asubuhi na turubai kichwani, na jiwe la chumvi la ng'ombe limefungwa katikati yake. Nilimwamkia, nikamwambia jibu kabla sijakaa, kabla moyo haujanishauri nilipambe.

Alilamba kidole baada ya kuligusa lile jiwe, kama anayehakiki. "Waliotangulia wote walisema linakuja," alisema. "Nimeanza kuzeeka nikilisubiri. Wewe wa kwanza kuniambia haliji." Akalivuta turubai kwake. "Mkutano wa maji ni lini?"

"Kesho kutwa, mzee."

"Jua litakuwa kali. Turubai hili tutakuja nalo wenyewe."

Alipoinuka, alimwita mkewe aniletee kibuyu cha maziwa chenye mfuniko wa ukindu. Sikumbuki kama nilimshukuru vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuwalipa wote, wa mwisho akiwa huyu, na njia nzima ya kurudi nilitembea nikikishika kibuyu kile kwa mikono miwili, nikiwaza nitakirudisha na nini.