Kidude cha Hatua na Njia ya Kongowea

Miguu yangu naijivunia, sifichi. Ndiyo iliyolea watoto, na ndoo ya mbaazi na mahamri ya kuuza kichwani. Basi sukari iliponishika na daktari akaniambia nitembee kila siku, nilimcheka. Kitindamimba wangu, binti akaaye Changamwe, hakucheka. Aliniletea kidude cha kubana kiunoni, chahesabu hatua za mtu. Akatia na sharti: mwezi ukiisha kama sijafikia kiasi alichotaka daktari, nifunge nyumba yangu hapa Mishomoroni nikakae kwake aniangalie. Nyumba hii nimeolewa humu, na mume wangu alitolewa humu kwenda kuzikwa. Nikakibana kidude kwenye leso, nikaanza kutembea.

Mwanzo kilinitia aibu. Nazunguka ua, naenda dukani, jioni bado. Binti akipiga simu namsomea namba, naye avuta pumzi tu.

Ikaja hitma mtaani. Desturi yetu, nazi za shughuli hugawanywa nyumba kwa nyumba, kila mwanamke akune fungu lake. Nilichukua fungu kubwa, maana wasichana wa sasa wanunua tui la pakiti, na mbuzi, kile kigoda chenye meno, hawajui hata kukikalia. Nilikuna tangu asubuhi. Jioni natazama, kidude kimepita kiasi cha daktari. Nikasema alhamdulillahi, kumbe kuingia na kutoka jikoni nako ni mwendo. Tangu siku ile nikawa nawakunia majirani wote, namba zapanda, na simu za binti zikawa za furaha.

Jumamosi moja akaja bila kuniarifu. Alinikuta juu ya mbuzi, mwili waenda mbele na nyuma. Akasalimu, akainama kutazama kiuno changu. Kila nikisukuma kifuu, namba yaongezeka.

"Mama, kumbe wewe watembea umekaa?"

Wallahi sikuwa nikijua. Tulicheka hata machozi yakatutoka. Kisha akaacha kucheka, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zangu.

Nikamwambia aache kwanza, twende Kongowea sokoni kwa miguu, kwa njia yangu ya zamani. Nikichoka kabla ya kufika, arudi amalize kukunja.

Njia yenyewe imeliwa na majumba. Palipokuwa na miti ya mikanju sasa wapita baina ya kuta, lakini miguu yapajua. Nikawa namwonyesha: hapa nikitua ndoo, hapa palikuwa na kisima, hapa wewe mgongoni ukililia mahamri ya biashara. Tulikuwa kundi la wanawake, twatoka jua halijachomoza, kicheko chetu chatangulia mbele. Wenzangu wote wamo mchangani, nimebaki mimi. Lakini sikusimama.

Aliyesimama ni yeye, viatu mkononi, jasho lamtiririka.

"Mama, ulikuwa ukinibeba mpaka huku?"

"Na ndoo juu."

Tulifika sokoni, tukanunua ndizi, na kurudi aliniomba tupande tuktuk. Nyumbani akazikunjua nguo zangu, akazirudisha kabatini moja moja. Alipokuwa mlangoni akageuka.

"Lakini ukikuna nazi, kivue."

Nakivua. Nakitundika msumarini, nakuna nazi zangu, kisha nakibana tena nashika njia yetu. Ndizi nazinunua chache, nipate sababu ya kwenda kesho.